Pima mwendo wa mkono kabla ya kulaumu kipanya

Kuna ugomvi mpya ambao umeingia katika nyumba zetu za mijini, na hauhusu runinga wala zamu ya kuosha vyombo. Ni ugomvi wa kipanya. Zamani tarakilishi ya nyumbani ilikuwa ya barua za baba na kazi za shule, na hakuna aliyejali kipanya kinakwenda kwa kasi gani, mradi kishale kinafika kinakotakiwa. Siku hizi tarakilishi hiyo hiyo ndiyo uwanja wa michezo ya vijana, hasa ile michezo ya kulenga shabaha kama vile Counter-Strike 2 na Valorant. Katika michezo hiyo, upana wa ukucha mezani ndio unaotenganisha mshindi na mshinde.

Mama mmoja mkaazi wa Nairobi ameniandikia kuhusu jambo hili, na naona barua yake itawafaa wengi. Ana watoto wawili wanaotumia tarakilishi moja. Kijana wake amemaliza kidato cha nne na anangojea kujiunga na chuo. Binti yake yuko mwaka wa pili chuoni. Kijana ana kipanya alichonunuliwa na mjomba wake, ilhali binti hutumia kile cha kawaida kilichokuja na mashine. Kila anayeketi hubadilisha mipangilio ili imfae, na anayemfuata hukuta mambo yamekwenda shaghalabaghala. Kelele haziishi.

Hayo ni madogo. Linalomsumbua mama huyu zaidi ni kwamba binti yake alikwenda kushindana na wenzake chuoni, akapewa kipanya cha huko, akashindwa mapema sana. Tangu siku hiyo anasema kwamba hana kipaji na kwamba hatacheza tena mbele ya watu. Kijana naye anashikilia kuwa dawa ya yote ni kununua kipanya kingine cha bei ya juu, na karo ya chuo haijatimia. Mama anauliza: je, ni kweli kwamba kipanya cha bei ghali ndicho kinachomfanya mtu alenge vizuri?

Mama, jibu langu ni la hasha. Kabla ya mkoba kufunguliwa, na kabla ya binti kujikatia tamaa, kuna jambo moja la kufanywa ambalo halina gharama yoyote, nalo ni kupima. Mchezaji anapotoka kipanya kimoja kwenda kingine, kinachofaa kuhamishwa si nambari iliyoandikwa kwenye sanduku, wala nambari iliyo ndani ya mchezo. Kinachohamishwa ni masafa ambayo mkono wake husafiri juu ya meza ili ageuke duara zima, yaani nyuzi 360, ndani ya mchezo. Masafa hayo yakilingana, vipanya vimelingana. Yasipolingana, hata bingwa ataonekana kama mtu aliyeshika kipanya jana.

Kipanya huhesabu hatua

Ili tuelewane, hebu tuanze na kipanya chenyewe. Kipanya cha kwanza kilibuniwa Marekani na Douglas Engelbart na kuundwa na mwenzake Bill English katika miaka ya 1960. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, na umma ulikiona mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Baadaye vikaja vipanya vya gololi, ambavyo wengi wetu tunakumbuka tukivifungua tumbo ili kukwangua uchafu. Mwaka 1999 kampuni ya Microsoft ilitoa IntelliMouse Explorer, ambacho badala ya gololi kilikuwa na jicho la mwangaza. Jicho kama hilo ndilo lililo chini ya vipanya vya leo. Hupiga picha ndogo ndogo za meza, maelfu kwa sekunde moja, na kwa kulinganisha picha na picha hujua kipanya kimesogea kiasi gani na kuelekea wapi.

Sasa, kipanya hakiambii tarakilishi kwamba kimesogea inchi moja au sentimita tatu. Kinachopelekwa ni hesabu ya hatua. Mfikirie baba na mtoto wake wakitembea kutoka stendi ya matatu hadi nyumbani. Njia ni ile ile, lakini baba akihesabu hatua 100, mtoto huenda akahesabu 200. Vipanya navyo ni vivyo hivyo. Kile kilichowekwa 800 huhesabu hatua 800 kikisogea inchi moja, na kile kilichowekwa 1600 huhesabu hatua 1600 katika inchi hiyo hiyo. Idadi hiyo ya hatua ndiyo inayoandikwa kwenye sanduku kwa herufi DPI.

Hapa ndipo watengenezaji wanapotuchezea akili. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kipanya cha Logitech kiitwacho G Pro X Superlight, kilichotolewa mwaka 2020, kilitangazwa kuwa na uwezo wa kufika DPI 25,600, na kile cha Razer cha DeathAdder V3 Pro cha mwaka 2022 kilitangazwa kufika 30,000. Ni vipanya vizuri, sikatai, lakini si kwa sababu ya nambari hizo. Tuseme kioo cha tarakilishi yako kina nukta 1,920 kwa upana. Ukiweka kipanya kwenye 30,000, ukakisogeza inchi moja tu, kishale kitataka kuvuka kioo chote zaidi ya mara 15. Nani anahitaji jambo hilo? Wachezaji wengi wa kulipwa ulimwenguni hutumia kati ya 400 na 1600, na kiasi hicho hupatikana katika vipanya vingi vya bei nafuu.

Mafiga matatu

Jifya moja haliinjiki chungu, na wepesi wa kipanya hauketi juu ya nambari moja. Unaketi juu ya mafiga matatu, na anayelitazama figa moja peke yake lazima chungu kimwagike.

Figa la kwanza ni hiyo DPI ya kipanya. Figa la pili ni tarakilishi yenyewe. Katika mashine za Windows kuna kijiti cha kupunguza au kuongeza mwendo wa kishale. Katika ukurasa wa zamani wa mipangilio ya kipanya kijiti hicho kina ngazi 11, na ya katikati, yaani ya 6, ndiyo isiyoongeza wala kupunguza hatua za kipanya. Katika Windows 11 kijiti hicho huhesabiwa 1 hadi 20, na katikati yake ni 10. Karibu na kijiti pana kisanduku cha kuteua ambacho hudai kuboresha usahihi wa kishale. Kiondolewe alama. Kazi yake ni kukifanya kishale kiende mbali zaidi mkono unapokwenda kwa haraka, hata kama masafa ya mkono ni yale yale. Kwa mwenye kuandika barua si neno. Kwa mwenye kulenga shabaha, ni kama kupigia mpira uwanja ambao milingoti yake inahama. Michezo mingi ya siku hizi husoma kipanya moja kwa moja bila kupitia figa hili, lakini si yote, na ni heri kulisawazisha mara moja ili lisikusumbue tena.

Figa la tatu ni nambari ya wepesi iliyo ndani ya mchezo. Hii huuambia mchezo: kwa kila hatua moja inayotoka kwenye kipanya, mgeuze mtu huyu kwa kiasi hiki. Katika Counter-Strike 2, ukiweka nambari hii 1, kila hatua ya kipanya hukugeuza nyuzi 0.022. Ukiweka 2, hukugeuza 0.044.

Mafiga yakishajulikana, hesabu ni ya darasa la sita. Zidisha DPI kwa nambari ya mchezo. Mwenye kipanya cha 800 na nambari ya 1.5 ana 1,200. Mwenye kipanya cha 1600 na nambari ya 0.75 pia ana 1,200. Kwenye karatasi wawili hawa wako sawa kabisa, ingawa ukisikiliza mabishano yao kibarazani utadhani mmoja anaendesha gari na mwingine anasukuma mkokoteni.

Kutoka hapo unaweza kupata masafa ya mkono. Kwa Counter-Strike 2, chukua 41,564 na ugawanye kwa jibu lako. Nambari hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ni nyuzi 360 ukigawanya kwa 0.022, kisha ukazidisha kwa 2.54 ili inchi ziwe sentimita. Ukigawanya 41,564 kwa 1,200 unapata sentimita 34.6. Hayo ndiyo masafa ambayo mkono husafiri ili mchezaji ageuke duara moja.

Yaliyompata binti

Hebu sasa tumrudie binti wa mama yetu. Tuseme kipanya chake cha nyumbani ni cha DPI 1000, kama vilivyo vipanya vingi vya kawaida vya ofisini, na kwamba ameweka 1.2 kwenye mchezo. Zidisha, unapata 1,200. Mkono wake, kwa miezi au miaka, umefunzwa kwamba duara moja ni sentimita 34.6. Robo ya duara ni sentimita 8.7 hivi. Hakuna anayekaa kuzihesabu. Ni mkono unaojua, kama vile mkono wa mpishi unavyojua chumvi.

Siku ya mashindano anakuta kipanya cha chuo kimewekwa 1600. Kwa kuwa anaijua nambari yake, anaandika 1.2 kama nyumbani, akiamini kwamba amejiandaa. Lakini 1600 mara 1.2 ni 1,920, na 41,564 ukigawanya kwa 1,920 ni sentimita 21.6. Mkono wake unasafiri mwendo ule ule wa siku zote, na mchezo unamgeuza zaidi ya alivyokusudia, kwa asilimia 60. Kila adui anampita. Akijaribu kurudi, anampita tena upande wa pili. Wanaotazama wanasema msichana huyu ana wasiwasi. Yeye mwenyewe anasema hana kipaji.

Naapa, wasomaji wangu, hapo kipaji hakikupimwa hata kidogo. Kilichopimwa ni uwezo wa mkono kusahau katika dakika 10 mambo uliyojifunza kwa mwaka mzima, na hakuna mkono wenye uwezo huo. Kama binti angegawanya 1,200 kwa 1600, angepata 0.75, na hiyo ndiyo nambari ambayo angeandika. Huenda bado angeshindwa, maana mashindano ni mashindano, lakini angeshindwa na wapinzani wake wala si na kipanya.

Gorogoro lililobonyezwa

Huenda msomaji mmoja akasema: basi nimeelewa, nitasoma DPI kwenye sanduku, nizidishe na kugawanya, kazi imekwisha. Ngoja kwanza. Wanaonunua mahindi sokoni wanajua kwamba gorogoro si gorogoro tu. Kuna lililo zima na kuna lililobonyezwa tumbo. Yote mawili yanaitwa gorogoro, lakini unga utakaopata si sawa.

DPI nayo huwa hivyo. Kipanya kilichoandikwa 800 si ajabu kikipimwa kiwe na hatua 780 au 840. Si lazima iwe ni udanganyifu. Jicho na lenzi yake havitoki kiwandani vikiwa sawasawa kabisa, urefu wa jicho kutoka mezani hubadilika vile viguu vya plastiki vya chini vikilika, na hata uso wa meza au pedi unaotumia una neno lake. Tena vipanya vingi vina kitufe kidogo nyuma ya gurudumu ambacho hubadilisha DPI kila kikibonyezwa, bila ya kukuonyesha nambari yoyote. Ndugu mdogo akikibonyeza kwa bahati mbaya, wewe utakaa wiki nzima ukishangaa kwa nini umeharibika mkono.

Ndiyo maana nasema hesabu ikutangulie, lakini futi iwe ndiyo hakimu. Futi yenyewe ni ile ya kitambaa ya fundi cherehani. Fanya hivi.

Kwanza, anza na kipanya ulichokizoea. Fungua mchezo mahali pa mazoezi pasipo na maadui. Ielekeze alama ya shabaha, ile ya katikati ya kioo, kwenye kitu chembamba kisichosogea, kama vile ukingo wa mlango au pembe ya ukuta.

Pili, tandaza futi mezani kutoka kushoto kwenda kulia na uibandike kwa seloteipu isiteleze. Weka kitabu kizito kwenye sufuri, na uegemeze ubavu wa kushoto wa kipanya kwenye kitabu hicho.

Tatu, sukuma kipanya kuelekea kulia polepole, kikifuata futi, bila ya kukiinua wala kukipindisha, hadi mtu wako wa mchezoni azunguke na alama irudi pale pale ilipoanzia. Soma futi kwenye ubavu ule ule wa kushoto. Andika. Rudia mara 5, ujumlishe, ugawanye kwa 5, kwa kuwa kipimo kimoja huweza kukudanganya. Meza ikiwa ndogo, weka nambari ya mchezo mara 2 ya kawaida wakati wa kupima, kisha zidisha masafa uliyopata kwa 2.

Nne, sukuma tena masafa yale yale, lakini sasa kwa kasi. Alama ikisimama pale pale, uko salama. Ikipitiliza mbali, ujue kile kisanduku cha Windows bado kina alama, au programu ya kipanya ina mchezo kama huo.

Tano, chukua kipanya kipya na urudie yote. Tuseme lengo lako ni sentimita 34.6, na kipanya kipya ukiwa umekiwekea 0.75 kimekupa 33. Kina haraka zaidi ya inavyotakiwa. Chukua 0.75, zidisha kwa 33, gawanya kwa 34.6. Unapata 0.72 hivi. Iandike hiyo mchezoni, upime mara ya mwisho, na hapo vipanya vyako viwili vimekuwa ndugu.

Njia hii pia humfaa asiyeijua DPI ya kipanya chake kwa sababu sanduku lilitupwa zamani. Weka nambari ya Counter-Strike 2 iwe 1, pima duara, kisha ugawanye 41,564 kwa sentimita ulizopata. Ukipata sentimita 26, basi kipanya chako ni cha 1600.

Kutoka mchezo hadi mchezo

Vijana wengi hawachezi mchezo mmoja, na hapa pia watu huteleza. Nambari ya 1 katika Counter-Strike 2 si sawa na 1 katika Valorant. Katika Valorant kila hatua ya kipanya hukugeuza nyuzi 0.07, ambazo ni mara 3.18 ya zile 0.022. Kwa hivyo anayehamia Valorant agawanye nambari yake kwa 3.18. Binti yetu mwenye 1.2 kwenye kipanya chake cha nyumbani angeandika 0.377. Apex Legends hufuata kipimo kile kile cha Counter-Strike, na mtu anaweza kuhamisha nambari yake bila kuigusa. Mchezo mwingine wowote usioujua, futi ya fundi itakupa jibu bila ya fomula.

Fahamu pia kwamba silaha zenye darubini huwa na nambari yao ya pembeni katika mipangilio ya mchezo. Ukishalinganisha mwendo wa kawaida, itazame nayo.

Yasiyopimika kwa futi

Nitakuwa nakuhadaa nikisema kwamba masafa yakilingana basi vipanya viwili vitahisi sawa kabisa mkononi. Yapo mambo manne ambayo futi haiyaoni.

La kwanza ni mahali jicho lilipo. Baadhi ya vipanya vina jicho karibu na vidole, vingine karibu na kiganja. Anayesukuma kwa mkono mzima kutoka kwenye kiwiko na bega hataona tofauti kubwa. Lakini anayepinda kifundo cha mkono tu huchora tao, na jicho lililo mbali zaidi na kifundo huchora tao refu zaidi. Jicho likiwa sentimita 11 kutoka kwenye kifundo badala ya 9, pindo lile lile la mkono litatoa hatua zaidi kwa asilimia 22. Mtu wa namna hii huenda akahitaji kupunguza nambari kidogo baada ya kupima.

La pili ni uzito. G502 Hero ya Logitech ina gramu 121 bila waya, ilhali Superlight niliyoitaja haifiki gramu 63. Mkono uliozoea kusukuma mzigo ukipewa kitu chepesi kwa ghafla hupitiliza, hata kama futi inasema mambo ni sawa. Mkono upewe siku kadhaa uzoee, na mtu asibadilishe nambari kila jioni, kwani huko ni kung'oa mche kila siku ili kutazama kama umeota mizizi.

La tatu ni pedi. Juu ya kitambaa kipanya husita kidogo, juu ya plastiki ngumu huteleza. Anayehama kipanya asihame na pedi siku hiyo hiyo, la sivyo hatajua kipi kimemponza.

La nne ni mara ambazo kipanya huzungumza na tarakilishi. Vingi vya kawaida hutoa habari mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Vya michezo hutoa mara 1,000 au zaidi. Jambo hili haligusi masafa ya duara hata kidogo, lakini hufanya mwendo uonekane laini. Kama kuna sababu ya haki ya kununua kipanya cha michezo, ni hii, pamoja na uzito na umbo linaloingia vyema kiganjani. Nambari kubwa ya DPI si sababu.

Kwa mama na wazazi wengine

Sasa nikujibu wewe mama moja kwa moja. Usinunue kipanya kwa sasa. Lipa karo. Nunua daftari moja dogo uliweke kando ya tarakilishi. Kila mtoto apime na aandike kwanza sentimita zake, kwa kuwa hizo ni zake na hazibadiliki, kisha nambari inayozitoa katika kila kipanya na katika kila mchezo. Tarakilishi hukubali vipanya viwili kuchomekwa kwa pamoja, kwa hivyo hakuna haja ya kuchomoa na kuchomeka. Anayeketi afungue daftari, aandike nambari zake mchezoni, acheze. Hakuna kazi ya dakika mbili hapo.

Wala wasilazimishane kutumia sentimita sawa. Kijana anayetumia 23 na dada yake anayetumia 34 hawajakosea hata mmoja. Masafa mafupi hutumia kifundo cha mkono na huwafaa wenye meza nyembamba za vyumba vyetu vya kupanga. Masafa marefu hutumia mkono mzima na huhitaji nafasi. Ukiona mtoto anashikashika kifundo chake na kulalamika maumivu, mwambie apumzike, na akirudi arefushe masafa kidogo ili bega lisaidie kazi.

Na binti naye mwambie hivi. Siku akialikwa tena, akate kipande cha futi cha nusu mita akiweke mfukoni, aombe dakika 5 kabla ya mchezo kuanza, apime kipanya cha huko na aandike nambari inayomrudishia sentimita zake. Wenzake wakimcheka, awaache wacheke. Fundi cherehani hakati kitambaa cha watu kwa kukisia, na hakuna anayemcheka.

Wazazi wengi husema kwamba hii ni michezo tu, na ni kweli. Lakini kijana anapojitia alama ya kutofaulu, alama hiyo haibaki kwenye tarakilishi. Huifuata darasani na kazini. Kabla ya kumwachia mtoto aamini kwamba hana mkono wa kazi fulani, iwe ni kuchora, kupiga gitaa au kulenga shabaha, hakikisha kwanza kwamba kifaa alichopewa kinasema ukweli. Mara nyingi kosa ni la gorogoro wala si la mahindi.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema pamoja na jamaa zenu.